Mzee Aliyeamka Kila Jumamosi

Zéphyrin Bagula hakuwahi kuua mtu, hata kwa maneno, na taabu yake yote ilianzia hapo.

Ungemwona Buffalo, kule Marekani, mwaka ule wa 2015, usingemdhania lolote. Mwanaume mfupi, mabega mapana, kofia ya sufu kichwani tangu mwezi wa tisa kwa sababu baridi ya ziwa la pale haina adabu. Aliishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, upande wa magharibi wa mji, na asubuhi alipanda gari la jirani yake Kagabo wakaenda pamoja Tonawanda, kwenye kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mashine na kuondoa vifuniko vilivyopinda. Mashine ilinguruma mchana kutwa, masikio yalizibwa, na hakuna aliyeweza kusemezana na mwenzake. Wengine walilalamikia miguu. Zéphyrin alilalamikia mdomo, maana huyu ni mtu ambaye kule kambini Nakivale, nchini Uganda, mdomo wake ulikuwa ukijaza kibanda kizima hadi watu wakachungulia kupitia matundu ya ukutani.

Alifika kambini kijana, akikimbia vita kutoka kwao Walungu, mashariki ya Kongo, na mfanyabiashara mmoja mwenye televisheni na jenereta akamwajiri kutafsiri filamu. Filamu zilikuja kwa Kiingereza. Watazamaji walikuja na Kiswahili, Kishi, Kinyamulenge na njaa. Zéphyrin alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, akapunguza sauti ya wazungu, akawaeleza watu nani anasema nini na kwa sababu gani. Kiingereza chake wakati ule kilitosha kuombea maji ya kunywa, si kufuata ugomvi wa matajiri. Alichokikosa sikioni alikichukua kichwani, na haki ya Mungu, mara nyingi cha kichwani kilikuwa kitamu zaidi.

Siku moja katika rundo la diski akakuta filamu ya zamani, iliyopigwa kabla yeye hajazaliwa. Jumba kubwa mashambani, wageni wamealikwa chakula cha jioni, mvua imekata barabara. Kabla supu haijaisha, mzee mwenye nyumba anaanguka juu ya zulia. Basi kuanzia hapo kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni: shemeji, dada, mpishi, daktari wa familia. Ni zile filamu za kumtafuta muuaji, ambazo umdhaniaye ndiye siye.

Baada ya filamu, kwenye diski ileile, kulikuwa na mazungumzo mafupi na yule aliyeiandika. Mwandishi mwenyewe alikuwa mzee wa miwani mikubwa, ameketi bustanini, anacheka hata kabla hajasema. Zéphyrin aliyaangalia mazungumzo hayo mara nyingi, na mwalimu mmoja wa kambini akamsaidia pale Kiingereza kilipomshinda. Mzee alisema hapendi kitu duniani kama michezo ya kwenye karamu. Aliwaalika marafiki zake, akampa kila mmoja kadi, akamnong'oneza mmoja wao: leo muuaji ni wewe, usimwambie mtu. Kisha alificha vidokezo ndani ya birika, ndani ya viatu, chini ya mto wa paka. Mawakili na maprofesa walitambaa chini ya meza wakitafuta, chakula kikapoa, wake zao wakanuna. Filamu yake, alisema, haikuwa kitu kingine ila moja ya jioni zile, na kamera imeingizwa mlangoni.

"Mutu muzima, na anacheza!" Zéphyrin alimwambia kila aliyetaka kusikia. Hilo lilimgusa kuliko filamu yenyewe. Kambini watu wazima walikuwa wameacha kucheza. Walingoja. Walingoja unga, walingoja mahojiano, walingoja majina kubandikwa ubaoni. Akaona awape mchezo.

Lakini Jumamosi ya kwanza mambo yalimwendea kombo mapema. Kibanda kilijaa, filamu ikaanza, mzee wa jumba akanywa supu, akashika kifua, akaanguka. Pakawa kimya. Ukimya ule Zéphyrin aliutambua. Nusu ya watu waliokaa pale walitoka Bushi, nchi ya Bashi, nusu walitoka nyanda za juu za Minembwe, na hakuna aliyekuwa hajaona mtu akianguka namna ile. Mstari wa mbele aliketi msichana mwenye kitenge cha njano, mikono yake miwili imefunika mdomo. Zéphyrin alikuwa na neno tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Amelala!" akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Bamemutilia dawa ya usingizi ku supu, hawa bajambazi! Sikiliza vile anakoroma!"

Watu wakapumua. Mmoja akacheka, na kicheko kikaambukiza. Kwenye filamu daktari wa familia akapiga magoti, akagusa shingo ya mzee, akamfunika shuka hadi usoni. Zéphyrin hakusita. "Daktari anamufunika. Kwa bazungu kuna baridi, hamujui?"

Tangu siku ile filamu ya muuaji ikawa filamu ya mwizi. Nani alimlaza mzee usingizi, na nani alichukua pete ya marehemu mkewe? Diski nayo ikamsaidia kudanganya. Ilikuwa imekwaruzwa, na ilipofika pale taa za jumba zinapozimika, kabla muuaji hajatajwa, ilikwama. Televisheni ikabaki nyeusi. Hapo filamu ilikwisha na Zéphyrin akaanza. Gizani aliwaeleza watu kwamba mzee sasa anajongea, anapiga chafya, anainuka, anakung'uta suti yake na kuuliza supu yake iko wapi. Halafu ananyoosha kidole kwa mwizi. Jumamosi moja mwizi alikuwa shemeji, nyingine mpishi, ili watu wasichoke. Filamu ikiisha waliingia mchezoni: maharage yaligawiwa ndani ya mikono iliyofumbwa, meupe kwa wote na jekundu kwa mmoja, na mwenye jekundu ndiye mwizi aliyekula kuku wa mchungaji. Walimtafuta kwa maswali na vitisho vya uongo hadi jenereta ilipozimwa. Wababa wenye mvi waliapa kwa mbingu na ardhi kwamba hawapendi kuku.

Msichana wa kitenge cha njano aliitwa Vestine. Alikaa mstari wa mbele kila Jumamosi. Kwenye mchezo alikuwa hodari wa kushuku: alimwangalia mtu vidole, si macho, na mara nyingi alimpata mwizi. Zéphyrin alianza kumpangia maharage ili ashinde, akakemewa. "Zefi, usinionee huruma," alimwambia. Yeye peke yake alimwita Zefi.

Ni mama yake, Nyiramahirwe, aliyewaeleza majirani habari ya baba. Walikuwa wakikimbia Minembwe, Vestine bado mtoto wa kuvutwa mkono. Baba yake alipigwa risasi njiani, akaanguka kwenye nyasi, na mama akamvuta binti wakaendelea kukimbia pamoja na wengine. Hakuna aliyerudi kumzika. Vestine aligeuza shingo akamwona amelala pale, na baada ya hapo, alisema mama, mtoto huyu hakujua tena usingizi ni nini. Aliogopa kulala kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Jioni moja, wakikusanya maharage sakafuni, Vestine mwenyewe alimwambia Zéphyrin jambo moja tu.

"Siku ule mzee anaamuka, mimi nalala."

Basi Zéphyrin angefanya nini? Kila Jumamosi alimwamsha mzee. Alimwamsha kwa ajili ya kibanda kizima, lakini macho yake yalikuwa kwa mmoja. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kambi nzima ilijua kabla wao wawili hawajaambiana.

Kisha majina ya wanaokwenda Marekani yakabandikwa. Rafiki yao Gaël, fundi wa jenereta ya kibanda, alikwenda Columbus. Vestine na mama yake wakapelekwa Louisville. Zéphyrin alingoja miezi mingi, akijidanganya kwamba Marekani ni nchi moja na kwa hiyo watakuwa pamoja, kama mtu anavyosema jirani yangu yuko kijiji cha pili. Alipopewa Buffalo alienda kuitafuta kwenye ramani ya ofisi. Alipima kwa kidole kutoka Buffalo hadi Louisville, na kidole hakikufika.

Hapo ndipo Jumamosi zilipohamia kwenye simu. Vestine alifanya kazi ya usiku katika ghala la vifurushi, na Jumamosi alirudi asubuhi, akala, akalala mchana. Kabla hajalala alimpigia. Zéphyrin alikaa jikoni, chungu cha maharage kikichemka nyuma yake, akamsimulia filamu kuanzia supu hadi chafya. Zilikuwepo njia za kuipata filamu nzima kwenye mtandao, kila mtu alijua. Wala hakuitafuta, naye Vestine hakuitafuta. Mzee akishakung'uta suti, Vestine alisema, "Haya, Zefi. Sasa nalala." Na simu ikakatika. Yeye alibaki kuangalia barabara kupitia dirishani.

Alimtamani. Nisizunguke maneno. Alimtamani kiwandani, akiokota vifuniko. Alimtamani zaidi Jumapili kanisani, wenzake wanapotoka na wake zao na kubishana nani ameacha ufunguo. Kulikuwa na wasichana Buffalo, tena wazuri, na akina mama wa kanisa walimtajia majina bila aibu. Aliwajibu kwa mzaha. Chumbani kwake hapakuwa na kitu kilichopungua ila mtu wa kumwangalia vidole na kumwambia: unadanganya.

Mwaka wa pili akaamua. Kwa watu wetu hujiposei mwenyewe, hata uwe umesoma hadi ukavunja kiti. Lazima pawe na mtu mzima wa kukusemea. Louisville kulikuwa na Vieux Balagizi, yaani Mzee Balagizi, Mushi mwenzake, mtu mwenye suti moja na maneno mengi ya heshima. Zéphyrin alimwomba aende kwa Mama Nyiramahirwe. Vieux Balagizi akaenda, akala, akakaa, akarudi nyumbani na kupiga simu Buffalo.

"Bon," alisema. "Mama amenipokea muzuri. Habari ya weye Mushi na beye Banyamulenge, tumeiongea kidogo tu. Anasema ku kambi mulikunywa uji ya sufuria moja."

"Sasa tatizo iko wapi, Vieux?"

Balagizi akakohoa. "Anasema hivi: ule kijana ana roho muzuri, sikatai. Lakini anafufua batu kwa mudomo. Siku mutoto yabo akigonjwa, ataniambia nini? Ataniambia iko na usingizi? Mimi nataka mukwe wa kuniambia bintu vile biko. Donc, mwanangu, siku utasimama mbele yake useme neno moja bila kutia sukari, atatusikiliza."

Zéphyrin hakulala usiku ule. Alimkasirikia mama, kisha akamwelewa, kisha akamkasirikia tena kwa sababu alimwelewa. Alikumbuka mambo mengi aliyoyatia sukari maishani. Aliwaandikia kwao Walungu kwamba Buffalo haina baridi kali. Alimwambia mgonjwa mmoja wa kanisani kwamba rangi yake imerudi, na mgonjwa akafa Alhamisi. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Ya kwake ilikuwa imeenda mbali sana, imevuka hata bahari, ila labda sasa imefika mwisho. Akaazimia kubadilika. Alichokosa ni mahali pa kuonyesha.

Mahali pakaja pamoja na arusi. Gaël alimwoa Gracieuse, binti wa kwaya, kule Columbus, mwezi wa kumi na moja, na watu walikuja kwa magari kutoka kila upande: wa Louisville kutoka kusini, wa Buffalo kutoka kaskazini. Zéphyrin alikwenda na Kagabo. Siku ya arusi alimwona Vestine ng'ambo ya ukumbi, amevaa gauni la rangi ya maziwa, amenenepa kidogo mashavuni. Walisalimiana kwa mikono, mbele ya watu, kama inavyopasa. Vestine alisema, "Zefi, umekonda." Naye akajibu, "Ni kofia tu." Hayo ndiyo yaliyosemwa baada ya kutengana kote kule, lakini Vestine aliuacha mkono wake ndani ya mkono wa Zéphyrin zaidi ya inavyopasa.

Kesho yake, Jumapili mchana, ndugu na marafiki walikusanyika tena katika ukumbi wa chini ya kanisa, kumalizia chakula na kuwaangalia maharusi. Gaël alisimama, akapiga makofi.

"Bandugu, niko na surprise ya Zéphyrin!" Alikuwa amefunga mashine ya kurushia picha, na ukutani kumetandikwa shuka jeupe. Madirisha yakafunikwa vitenge. "Ile filamu yetu ya kambi! Nimeipata yote, mupaka mwisho. Zéphyrin, simama. Leo ututafsirie kama zamani!"

Watu wa Nakivale wakapiga vigelegele. Zéphyrin akasukumwa mbele, kipaza sauti kikatiwa mkononi. Alicheka, kwa sababu angefanya nini? Akatazama watu. Mama Nyiramahirwe alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mgongo wima, mkoba juu ya magoti. Vestine alikaa mstari wa mbele.

Mbele ya mstari wa mbele, sakafuni, walikaa watoto. Hao Zéphyrin hakuwahesabu. Watoto wa Columbus na Louisville, waliofika Marekani wakinyonya, wanaojibu Kiingereza hata ukiwauliza swali kwa lugha ya bibi yao.

Filamu ikaanza, na kwa kitambo ilikuwa raha tupu. Zéphyrin aliwaongelea shemeji kwa sauti ya pua na mpishi kwa sauti ya kijeshi. Watu wazima walikumbuka maneno yake ya zamani wakayasema pamoja naye. Vestine alicheka hadi akafuta macho. Mzee akanywa supu. Mzee akashika kifua. Akaanguka juu ya zulia, na daktari akapiga magoti, akagusa shingo, akasema kitu.

Watoto wote wakapaza sauti kwa Kiingereza, kwa furaha, kama darasa linalojua jibu: amekufa!

Zéphyrin alikuwa tayari amefungua kinywa. Neno la usingizi lilikuwa palepale, limezoea njia, lingetoka lenyewe. Wazee wangecheka, na watoto wangesema hapana, baba mkubwa, amekufa, na wazee wangewanyamazisha. Ingepita. Lakini akamwona Mama Nyiramahirwe amemkazia macho. Akasikia maneno ya Vieux Balagizi kana kwamba yamesemwa sasa hivi. Alimwangalia mama, yeye peke yake, kama mtu anayevuka daraja la kamba anavyoangalia ng'ambo.

"Amekufa," alisema kwenye kipaza sauti. "Batoto banasema kweli. Mzee amekufa."

Daktari akavuta shuka.

"Na hapa anamufunika," Zéphyrin aliendelea, "sababu mutu akikufa banamufunika."

Kuanzia hapo alitafsiri kilichokuwepo na hakuongeza kitu. Sasa Kiingereza alikijua, na ilimshangaza jinsi filamu ilivyokuwa fupi ikisemwa vilevile ilivyo. Taa za jumba zilipozimika, pale pa diski kukwama, giza halikukaa hata kidogo. Ziliwaka, na polisi mnene akamtaja muuaji. Alikuwa daktari, yule wa shuka. Watoto walishangilia. Mzee hakuinuka. Alikuwa amebebwa zamani, kwenye machela, nje ya picha, na hakuna hata mtu mmoja aliyemtaja tena.

Watu walipiga makofi ya adabu, wakarudi kwenye sahani. Mama Nyiramahirwe akaja, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Leo umesema," alimwambia. "Umuambie Vieux Balagizi arudi kwangu. Tutaongea muzuri."

Zéphyrin tayari aliona nyumba yake Buffalo, ghorofa ya juu, na viatu vya mwanamke mlangoni. Aliona Jumamosi zisizohitaji simu. Akatoka kumtafuta Vestine, akipishana na watu bila kuwasikia, akamkuta nje kwenye maegesho, ameketi ndani ya gari la mama yake, mlango uko wazi, miguu chini kwenye lami.

"Vestine! Mama amekubali. Amesema Vieux arudi!"

Hakuinua kichwa. "Juu ya nini umefanya vile, Zefi?"

"Kufanya nini?"

"Umemuacha pale."

Zéphyrin alichuchumaa mbele yake. Alidhani ameelewa. "Nisamehe. Pengine haukujua. Mimi nilikuwa nabadanganya juu ya—"

"Nilijua." Sasa alimtazama, na hakuwa amelia, ingekuwa afadhali. "Unafikiri sikujua? Mimi? Siku ya kwanza ku kambi nilijua. Nani anaweza kunifundisha vile mutu aliyekufa anaanguka? Kila Jumamosi nilijua, na kila Jumamosi nilikuja."

"Mama yako alitaka kweli."

"Mama." Alitikisa kichwa taratibu. "Kweli niko nayo, Zefi. Niko nayo mingi. Ninalala nayo, naenda nayo ku kazi. Ile ya mzee kuamuka ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwako. Haukuniangalia hata kidogo. Uliangalia mama."

Alitaka kumwambia kwamba alifanya kwa ajili yake. Lilikuwa la kweli, na alipolipima mdomoni lilionekana kama udhuru wa mtoto. "Nitakuambia tena," alisema badala yake. "Jumamosi. Vile ya zamani."

"Utaniambia," alisema Vestine. "Lakini nitasikia ile ya leo nyuma yake."

Mama yake akatoka, na dada wa Gracieuse akaja na sahani za kubeba njiani, na pakawa na kuagana kwingi, kila mtu akimkumbatia kila mtu. Gari la Louisville likaondoka. Kagabo aliendesha hadi Buffalo akisifu arusi, na Zéphyrin aliitikia pale palipohitaji kuitikiwa.

Jumamosi iliyofuata alipika maharage. Simu ilipolia aliishika kabla mlio wa pili, lakini sauti haikuwa ya Vestine.

"Zéphyrin, mwanangu." Ni Mama Nyiramahirwe, tena ananong'ona. "Vestine halali. Anatoka ku kazi, anakaa ku kitanda, macho wazi, mupaka saa ya kurudi ku kazi. Tangu Columbus. Umuambie ule mzee aliamuka."

"Mama, ni weye ulisema unataka—"

"Najua nilisema nini. Umuambie."

Alisikia nyayo, mlango, simu ikipita kutoka mkono hadi mkono. Kisha pumzi ya Vestine, aliyoijua. Zéphyrin hakungoja aseme. Akaanza na supu. Hakuwa amewahi kusimulia namna ile, si Nakivale, si popote. Alimpa mzee koo la kukohoa na mafua, alimpa zulia lenye joto, alimfanya daktari aombe msamaha. Taa zilizimika na yeye akaliacha giza likae, kisha gizani mzee akajongea, akapiga chafya, akainuka kwa kushika mguu wa meza, akakung'uta goti moja, akakung'uta la pili, akaita watu wake kwa majina yao mmoja mmoja, akauliza nani amemaliza supu yake. Zéphyrin alikuwa amesimama katikati ya chumba cha jikoni, machozi yakimshuka, na sauti yake haikutetemeka hata mara moja.

Alipomaliza, akangoja.

"Asanti, Zéphyrin," alisema Vestine, kwa jina zima, vile mtu anavyomshukuru mgeni aliyekuja kuhani msiba na sasa anainuka kwenda kwao. Halafu, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akauliza kama Buffalo theluji imeanza.

Zéphyrin akatazama dirishani, barabara yote imekuwa nyeupe, akamwambia bado.